Mama Dosari na Chumba cha Hadubini

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili katika idara ya fizikia, mwalimu wetu wa fuwele kimiminika anastaafu. Sote humwita Mama Dosari, na hata mumewe akipiga simu ofisini humuulizia kwa jina hilo.

Fuwele kimiminika hutiririka kama mafuta, lakini molekuli zake hulala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Zinaposhindwa kukubaliana zielekee wapi, hapo pana dosari. Kila muhula huanza na kisa cha yule mtaalamu wa mimea wa karne ya kumi na tisa aliyepasha moto kitu kilichotoka kwenye karoti, akakiona kikiyeyuka mara mbili, kwanza kuwa kimiminika chenye ukungu, kisha kimiminika angavu. Wapo wakubwa wa sayansi waliodai ule ni uchafu tu, na Mama Dosari bado hajawasamehe. Kisha humpa mwanafunzi mpira wenye manyoya na chanuo, ayalaze yote yasigongane popote. Hakuna aliyewahi kufaulu, maana hisabati yenyewe inakataza. Yeye hukaa pembeni akinywa chai.

Mwaka mmoja walikuja wakaguzi kuamua kama chumba chake cha hadubini kifungwe. Sisi wenzake, kwa kimbelembele chetu, tukaandaa sampuli safi isiyo na dosari hata moja. Wakaguzi wakachungulia, wakaona giza tupu, maana katika hadubini ile molekuli zikilala sawasawa zote mwanga haupiti. Jasho likatutoka. Mama Dosari akatutazama kama mzazi aliyekuta watoto wameosha redio, akatoa mkobani mashine ya kukaushia nywele, akaipasha sampuli moto mpaka ikapoteza mpangilio, akaiacha ipoe ghafla. Dosari zikajaa kote kama nyuzi. Zile ambazo molekuli kandokando yake hugeuka nusu mzunguko kulia zikazifuata za nusu mzunguko kushoto, zikikutana jumla inakuwa sifuri, zote mbili zinatoweka. Wakaguzi wakaanza kusukumana kwenye hadubini, na chumba kikapona.

Mwaka huu hofu ilirudi, kwani kulikuwa na minong'ono kwamba akiondoka kitageuzwa stoo ya viti. Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa, akakataa sanduku la safari, akaomba chumba kibaki. Mkuu wa idara alikubali mbele yetu sote, na viti vilivyokwisha kunyemelea humo vikatolewa, Mama Dosari mwenyewe akibeba viwili. Kisha akafunga mlango, akalia. Nasi tukalia.

Asante, Mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu na wajukuu wasumbufu. Jumatatu usije kwa mazoea. Ukija, hatutakuachia uondoke tena.