Mkono wa Jama Chini ya Shuka

Benchi letu liko nje ya kibanda cha kahawa cha Bishara, karibu na soko la mifugo la Garissa. Hapo hukaa Ogle, mnunuzi wa ngamia. Siyad, tunayemwita Waya kwa kuwa hutengeneza umeme wa tuktuk. Na Awil Redio, asiyezimika. Asubuhi hiyo nilimleta adeer wangu Jama, ndugu wa baba, dalali wa mifugo. Maisha yake yote bei alizitaja kwa vidole, chini ya shuka, kiganja ndani ya kiganja, soko lisisikie. Ugonjwa wa Parkinson ulipoutetemesha mkono, bei zilivurugika. Tukampeleka kwa upasuaji: waya mwembamba ndani ya ubongo, betri kifuani. Mtetemeko ulikoma, lakini vidole vikakunjika na ulimi ukawa mzito, hatumwelewi tena. Picha ilionyesha waya umekosea mahali pake kwa milimita mbili. Sasa daktari anataka kufungua kichwa upya, naye anangoja neno la Jama.

— Milimita mbili ni kitu? Awil aliuliza. Hata kucha yangu ni nene zaidi.

— Wapunguze moto wa betri tu, alisema Siyad.

Nikawaambia walipunguza, na mtetemeko ukarudi siku hiyohiyo.

Basi Siyad akalaumu minara ya simu, kwamba inauvuta waya upande wake. Awil akasema waya hauna kosa, ubongo ndio ulihama.

— Walimpiga picha amelala. Nani hapa amewahi kumwona Jama amelala? Ubongo wake umezoea kusimama sokoni.

Walicheka. Ogle hakucheka.

— Mnamsema kama hayupo, wallahi.

Akavua shuka begani, akafunika mkono wake na wa Jama.

— Nishike, ndugu yangu. Kidole kimoja, wafungue tena. Kiganja chote, wakuache.

Shuka ilitikisika, ikatulia. Jama alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyekwisha kutaja bei yake, na hashuki.

Mfanyabiashara mgeni kutoka Kutulo alikuwa amesimama na kikombe, akidhani anaangalia biashara ya ngamia.

— Amekubali ama amekataa? aliuliza.

Tulimgeukia Ogle. — Vidole vimekunjika, alisema. Sijui ni kimoja au ni kiganja chote. Mkono hakuutoa.