Gauni Arobaini na Chumba cha Mbele

Sogeeni, wanangu, mniinulie mto kidogo, maana maneno ninayo, pumzi ndiyo inayogoma. Cherehani ni ya kitindamimba, kwa kuwa ndiye anayejua kuitia mafuta. Nyumba ni yenu nyote watatu, ila chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ni cha shangazi yenu mpaka Mungu amwite. Wewe mkubwa usikunje uso. Najua ulitaka kukifanya duka. Nisikilize kwanza.

Mwaka ule baba yenu alipoanguka kazini, kwenye jengo, akavunjika nyonga, nilikuwa nimeshapokea vitambaa vya parokia, gauni arobaini za Komunyo ya Kwanza, na zilibaki siku kumi na moja. Baba yenu alikuwa wa kugeuzwa kitandani, nyinyi wawili mna surua, huyu wa mwisho bado ananyonya. Nilishona tisa, mikono ikakataa. Baada ya misa ya asubuhi nikabaki kwenye benchi, wala sikusali kwa adabu, nikamwambia Mungu, "Kazi hii ni yako. Mimi nimefika mwisho." Kisha nikarudi kufua nepi, maana kumtumaini Mungu hakufui nepi.

Mchana ikapigwa hodi. Alikuwa wifi yangu, huyo shangazi yenu, ambaye hatukuwa tumesalimiana naye miaka minane, tangu alipotangaza mbele ya waombolezaji kwamba mama yake alikufa kwa kunyimwa chakula na mimi. Kanisani yeye alikuwa akikaa kulia, mimi kushoto, na amani ya Kristo tukapeana na wengine. Katekista ndiye aliyemweleza hali yangu. Wifi alisimama mlangoni na mkasi wake mkononi, akasema, "Sikuja kuongea. Nimekuja kushona."

Wanangu, nilitaka kumfungia mlango. Msaada niliuomba, lakini si huu. Nilikuwa nimemchagulia Mungu hadi mtu wa kumtuma. Nikasogea, akapita.

Siku nne maneno yetu yalikuwa nipe uzi, nipe pini. Alimwogesha kaka yake, akawapaka nyinyi dawa, akakalia cherehani nilipokuwa nikinyonyesha. Siku ya tano, akipachika mkono wa gauni, akasema bila kuinua macho, "Chakula ulimpa. Mimi ndiye sikuja kumwona, nikakutwika aibu yangu." Sikumjibu vizuri. Nilimwambia mkono ule ameuweka kinyume, aufumue. Msamaha wangu ulichelewa mwaka mzima, na hilo nimeliungama.

Zilitoka gauni thelathini na nane. Wasichana wawili walivaa za kuazima, wakampokea Bwana yule yule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkielemewa, msione haya kulia mbele ya Mungu, lakini mkishalia fungueni mlango, hata kwa msiyempenda.

Misa yangu iwe ya asubuhi, watu wawahi kazini. Shangazi yenu akae nanyi benchi la mbele.

Basi... Mungu awape kazi mnayoiweza, na msiyoiweza... awape na mtu. Nataka kuwabariki, mkono hauinuki. Wewe mkubwa, nishikie. Hapo, juu kidogo. Kwa jina la Baba... na la Mwana... malizia wewe.