Daraja la Kupimwa

Benchi la kijiweni linatazamana na daraja la waenda kwa miguu la kuvukia mtaro, lisilogusa barabara. Aliyelichora hakutoka ofisini, aliyelijenga alifuata karatasi, likaishia hewani, goti zima kutoka chini. Mchoraji akamlaumu mjenzi, mjenzi akamlaumu mchoraji, na wananchi wakajipangia mawe ya kupandia. Lakini kiti cha magurudumu hakipandi mawe. Pindo ni fundi cherehani wa mtaa; mama yake, anayetembelea kiti hicho, kabaki upande huu wa mtaro na dada wa mama yuko upande ule. Husalimiana kwa kupiga kelele, na kila Pindo akisikia sauti ya mama ikikwaruza, moyo humuuma. Leo Katiba, fundi baiskeli anayejua sheria zote isipokuwa za barabarani, kaja na habari.

— Sheria imepita! Halmashauri sasa ruksa kuipa kampuni moja kazi yote. Ichore yenyewe, ijenge yenyewe. Likienda kombo, haina wa kumsingizia.

— Thubutu! Kiberiti, mchomelea vyuma, akatua kikombe. — Mtu atachora alichonacho stoo. Ana mabati? Mtavukia mabati.

— Bora hayo, akadakia Bi Buli, muuza kahawa. — Mimi nasikia akikwama anafuta mchoro. Unaamka unaambiwa halikuwa daraja, kilikuwa kisima.

— Na atalirefusha mpaka mlangoni kwake! Kiberiti akaongeza.

— Mficha uchi hazai, Katiba akatamka, kidole juu.

— Sasa hiyo imeingiaje, kaka? Bi Buli akauliza.

— Imeingia. We kunywa kahawa.

Pindo, aliyeketi mwisho wa benchi, hakucheka.

— Jamani, semeni mtakavyo. Mimi nataka mtu mmoja tu wa kumshika shati. Wakiwa wawili, kila ukimfuata huyu anakuonyesha yule.

Hapo akapanda kutoka mtaroni dada mmoja mwenye viatu vya mvua, tope hadi magotini.

— Shikamooni. Mimi ndiye nitakayelichora daraja jipya, na kampuni yetu ndiyo itakayojenga.

Kiberiti akameza kahawa ya moto bila kupenda.

— Marahaba, akasema Katiba. — Uliza lolote, mwanangu. Hapa umefika.

— Nasikia kuna mama wa kiti cha magurudumu. Kiti chake kina upana gani?

Macho yote yakamgeukia Pindo, aliyeuvisha mtaa mzima, anayejua tumbo la kila mtu hata kabla hajaingia dukani. Hakujua. Hakuna aliyewahi kuuliza, hata yeye mwenyewe. Aibu ikamshika, na papo hapo ikaja furaha asiyoweza kuificha.

— Nisubiri, dada. Usiondoke!

Akakimbia hadi nyumbani, akachuchumaa mbele ya mama yake, akavuta utepe wake wa kupimia kutoka gurudumu hadi gurudumu.

— Mwanangu, unanipimia gauni?

— Daraja, mama.