Mashini Ikinyamaza

Bandugu, munisamehe, nitaongea nikiwa nimekaa. Zamani ningesimama hata kama nataka kuzimia. Leo nakaa, na sioni haya.

Munanijua, mi ni mushonaji wa Bukavu. Hapa kambini Dzaleka nilifika peke yangu. Mashini yangu, ile ya kukanyaga kwa miguu, niliipata ku soko ya Dowa. Kisha nikaanza kukosa pumzi. Nakanyaga kidogo, nahema. Miguu ikavimba, viatu vikakataa. Nikaenda hospitali mbali, kule Likuni, makusudi mutu asinione. Munganga akasema mulango mumoja wa moyo haufungi vizuri, damu inarudi nyuma. Akanipa dawa ya moyo, na kidonge cha kutoa maji mwilini.

Nilificha juu ya nini? Juu ya dosiye yangu ya kuhamishiwa ng'ambo. Munakumbuka maneno yetu ya ku bomba la maji: mugonjwa hapelekwi ng'ambo. Hakuna aliyekuwa na hakika, lakini sote tuliamini. Njo maana vidonge nikavificha mu kopo ya vifungo.

Ndugu zangu, nawaambia, kidonge kile kinakukimbiza chooni! Na ibada yetu munaijua urefu wake. Nikawaza, nikitoka mara sita bamama bataanza kuuliza. Basi siku ya Bwana sikumeza. Kisha nikaacha na Jumamosi, juu ya mazoezi ya kwaya. Kisha Ijumaa, juu ya maombi. Mucheke tu. Nilikuwa nadanganya ndani ya nyumba ya Mungu.

Mwisho kwaya nayo nikaiacha, kucheza kulinishinda. Mukasema nina kiburi. Nilikuwa nalala nimekaa, nimeegemea furushi la vitambaa, na siku za mazoezi nawasikia mukiimba bila mimi. Upweke ule uliniuma kuliko ugonjwa.

Jumatatu moja maji yakanijaa mpaka kifua. Nikaanguka kando ya mashini. Nyuma ya ukuta wangu anakaa mama mumoja Murundi. Tulikuwa tunasalimiana tu. Siku ile aliingia bila kubisha.

"Mama, mashini yako imenyamaza," akasema. "Kila siku nasikia unashona, unapumzika, unashona. Leo nimengoja, nimengoja."

Akaita kabaza, tukafika kliniki juu ya baiskeli, nao bakanituma Lilongwe. Mule wodi kila mugonjwa ana ndugu anayemupikia nsima, bugali ya huku, inje. Bakaniuliza, "Mama, mutu wako iko wapi?" Nikageukia ukuta. Siku ya tatu nikamuona jirani yangu mulangoni, amebeba bugali na maharage. Nililia kama mutoto.

Nikamwambia yote, hata ile kopo. Akasema, "Sasa ukikufa, ng'ambo batapeleka nani? Mashini?"

Moyo wangu haukupona, ni uleule. Dosiye, bado nangoja. Lakini mashini tuliiwekea mukono, jirani yangu anazungusha, mi naongoza kitambaa. Mama, jina lako sitalitaja, lakini asante. Na nyinyi bamama mulioniwekea kiti karibu na mulango, asante sana.

Fundisho langu ni dogo. Usifiche ugonjwa wako. Na jirani akinyamaza, usingoje akuite, ingia.

Leo ni siku ya Bwana, na kidonge nimemeza. Kwa hiyo munipishe, natoka.