Dada Kisigino Anavua Sare

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Alianzia wodi ya watoto, akapita ya wazazi, akatia nanga kwetu. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi tunamwita Dada Kisigino.

Jina hilo lilitokana na soksi za kubana, zile ndefu za kuzuia miguu kuvimba. Wengi wetu tulidhani soksi ni soksi, unavuta basi. Dada alituketisha chini. Zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani. Soksi ipinduliwe hadi kisigino, vidole viingie, kisha ivutwe taratibu bila kuacha kunjo hata moja, na kisigino cha soksi kikae kwenye kisigino cha mtu. Atakayeikunja juu eti apumue kidogo, anajikaba mguu, na maneno atayasikia.

Kwa kuwa glavu za mpira hushika kitambaa vizuri, alikuwa akizichukua jikoni bila kuomba. Mpishi mkuu alishuku kila mtu, akatia kabati kufuli. Alipolazwa kwetu kwa upasuaji wa mishipa ya miguu, alimwona Dada anamjia amevaa glavu zake za njano. Alicheka hadi akaombwa aache, maana mshono ulikuwa bado mbichi.

Mgonjwa mmoja tu alimshinda: mumewe, kinyozi anayeshinda amesimama. Dada alimvalisha kila asubuhi, lakini akishatoka tu, mzee anazishusha hadi kwenye kifundo. Kidonda cha mguuni kilipona, kikarudi, kikapona, kikarudi tena. Dada alitania wodini kutwa, lakini tulijua anaogopa kwamba iko siku mume wake atashindwa kabisa kusimama.

Wiki iliyopita shemeji alikuja wodini mwenyewe, akaketi kitandani, akaomba glavu za njano. Akavaa soksi zote mbili mbele yetu, taratibu, bila kunjo, kisigino mahali pake. Akasema hataki mkewe astaafu wodi hii akafungue nyingine sebuleni. Dada akageukia dirishani, eti anaangalia kama mvua inakuja. Nje jua lilikuwa linawaka.

Asante, Dada, kwa miguu yote uliyoisimamisha. Tutakukumbuka mno. Nenda ukalale mpaka usingizi uishe wenyewe, na kila uamkapo umkute shemeji ameshavaa zake.