Pampu ya Tatu

Kwenye treni ya kwenda Dallas, Ndeshi alijifanya anasoma. Alikuwa na shahada ya uhandisi wa mitambo, ila kusalimia mgeni kulimtoa jasho. Mbele yake dereva Mtanzania, Humphrey, alikuwa amepakata pampu ya dizeli akimweleza Cyrille, Mrundi waliyefahamiana humo humo.

"Lori langu la zamani, kaka. Presha ya mafuta iko juu mno. Hii ni pampu ya tatu, nimekuwa mlezi wa pampu. Kesho nisipofikisha mzigo Houston, sina kazi."

"Na paipu ya kurudisha mafuta kwenye tangi?"

"Ilivuja, nikaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kama nyumbani. Nimekaza kwa meno mpaka imebonyea."

"Basi mafuta yatarudi kupitia wapi? Ndiyo maana presha inapanda. Kata huo mpira."

"Wewe unapanga maboksi ghalani. Hebu niachie ufundi."

Ndeshi alijua Cyrille amepatia. Treni ilipopunguza mwendo, Humphrey akasimama, na Ndeshi, kwa mshangao wake mwenyewe, akasimama pia. Lakini mkubwa hasahihishwi kabla ya salamu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kwenu wapi?"

"Machame."

"Machame! Shemeji zangu hao. Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo. Mjomba, ile paipu..."

Mlango ulikuwa umeshafunguka. Humphrey alishuka na pampu yake, akampungia mkono kwa furaha.

"Binti ana adabu," alimwambia Cyrille kupitia mlangoni. "Wewe jifunze."