Baba Yetu, Mzee Nusu Kiti

Mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mashamba mengine mkiwa bado na viatu vya kazini, tunawashukuru kwa kuja. Naomba mkae. Mimi, kitinda mimba wa marehemu, nitasoma nimesimama, na mkiniona natupia jicho mlangoni msinifikirie vibaya. Ugonjwa huo nimeurithi kwa huyu tunayemzika leo. Tena kuna neno nilimwambia siku yake ya mwisho ambalo mpaka ratiba hii ilipochapwa jana jioni halikuwa kweli, na halijaniacha nikalala. Nitalifikia.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba kimoja nyuma ya stoo ya matandiko, hapo hapo kwenye shamba la farasi. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba. Baba yake aliendesha mkokoteni wa nyasi na mama yake alifua mablanketi ya farasi. Bibi alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alitembea kabla hajajua kukaa. Tulidhani Bibi anatia chumvi.

Alisoma shule ya msingi ya kanisa kuanzia Januari 1959 hadi Novemba 1965. Kusoma alikuweza, hesabu za kugawanya zilimpiga chenga. Mwalimu wake alimweka dawati la karibu na mlango, kwa sababu akiwekwa mbali alikuwa akiruka madawati ya wenzake kila farasi alipopita barabarani. Alipata kipaimara mwaka uliofuata, na Biblia aliyopewa siku ile ndiyo iliyokuwa kando ya kitanda chake hospitalini. Jalada lake lina alama ya meno. Farasi jike mmoja aliwahi kuijaribu.

Tarehe 2 Januari 1967 aliajiriwa kuzoa samadi. Alikuwa mwepesi na hakuwa na makelele, na farasi hupenda mtu wa namna hiyo, kwa hiyo baada ya miaka mitano alikabidhiwa banda la kuzalia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja mwenye majike kumi na wanne chini ya uangalizi wake, na Bibi alisema siku hizo alikuwa akitembea kifua mbele.

Sasa ni lazima niitaje Jumapili ya tarehe 6 Oktoba 1974, maana bila hiyo hamtamwelewa. Kulikuwa na jike aliyetimiza miezi kumi na moja ya mimba. Marehemu alimkagua alfajiri, akaona chuchu bado ni kavu, hazijatoa hata tone, dalili kwamba hajakaribia kuzaa. Akaoga, akaenda ibadani, akakaa benchi la mbele pamoja na kwaya. Mahubiri yalikolea. Aliporudi saa saba mchana alimkuta mtoto wa farasi aliyekamilika, mzuri, amelala kwenye majani makavu akiwa bado ndani ya utando aliozaliwa nao. Utando haukupasuka puani. Kuupasua ni kazi ya kucha mbili na dakika moja, kama mtu yupo. Mtu hakuwepo. Mtoto alikuwa ameshakufa, na mama yake alikuwa bado anamlamba juu ya utando.

Tangu siku hiyo marehemu hakukaa tena kama watu wanavyokaa. Mezani, kwa wageni, kwenye vikao vya shule, hata kwenye gari, aliweka nusu ya mwili kwenye kiti na nusu nyingine hewani, mguu mmoja ukiwa umeshaanza safari. Vijana wa shamba wakamwita Nusu Kiti, na jina likamganda. Komeo la banda alilikagua mara tatu, na baada ya mara ya tatu aligeuka tena njiani. Kanisani alisimama karibu na mlango miaka hamsini. Mchungaji aliyekuwepo kabla ya huyu wetu alimfuata siku moja baada ya ibada.

"Ndugu yangu, mbele kuna nafasi. Kwa nini hukai?"

"Hapa panatosha, Mchungaji. Nasikia kila kitu."

"Au unayaogopa mahubiri?"

"Siyaogopi. Naogopa yakikolea."

Mchungaji akamwambia kwamba Mungu alikwisha kumsamehe. Marehemu akajibu, "Hilo najua, namshukuru. Ila yule jike hajaniambia kitu."

Watoto wa farasi mia tatu na kumi na wanane walipita mikononi mwake baada ya hapo. Alikuwa na njia yake, na ndiyo aliyonifundisha mimi. Farasi jike hapendi kukodolewa macho. Ukimtazama, anajizuia kuzaa, hata siku mbili. Kwa hiyo marehemu alisimama nje ya banda akiwa amempa mgongo, akivuma wimbo wa tenzi puani, ubeti wa kwanza tu, tena na tena. "Mpe mgongo," alikuwa akiniambia, "lakini masikio mwachie." Nilimwuliza kwa nini hafiki ubeti wa pili. Alisema ubeti wa pili unahitaji kufikiri.

Tarehe 31 Julai 1976 alifunga ndoa na Mama yetu, mshonaji. Katika picha ya harusi watu ishirini na wawili wanaitazama kamera, na bwana harusi anatazama mlango. Mama hajawahi kuificha picha hiyo. Huwaambia wageni, "Mimi niliolewa na nusu mtu, nusu nyingine iko bandani, na hiyo nusu niliyopewa imenitosha." Alimshonea koti la kazi lenye mifuko minne, na kila mwaka aliishona upya mifuko hiyo, kwa kuwa farasi waliipekua wakitafuta karoti. Mungu aliwajalia watoto watatu: kaka yetu mwalimu, dada yetu muuguzi, na mimi.

Nitasema ukweli, maana yeye mwenyewe hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Tuliwaonea wivu farasi. Siku ya kipaimara changu marehemu alitoka kabla sijawekewa mikono, na nilimchukia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusema mbele ya jeneza. Alikuja kuomba radhi akiwa na majani makavu kwenye nywele. Nilimwambia, "Baba, ungekaa dakika tano tu." Alisema, "Mwanangu, ile ilikuwa dakika moja." Sikumwelewa mpaka nilipoanza kazi bandani mwenyewe.

Mwezi wa tatu mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Madaktari walisema moyo umechoka. Alilazwa tarehe 11 Mei na akaomba kitanda cha karibu na mlango. Dada alikuwa akimbembeleza alale, naye alilala ameketi ukingoni, mguu mmoja sakafuni. Nyumbani tulikuwa tumemwacha Shangazi, jike mzee aliyepewa jina hilo kwa kuwa hujiingiza kwenye mambo ya kila farasi, na mimba yake ilikuwa imepitiliza siku. Kila nilipoingia wodini, kabla ya salamu, aliuliza, "Shangazi vipi?" Nami nilijibu, "Bado, Baba." Siku ishirini na tatu nilijibu hivyo, na kila "bado" ilimwinua kidogo kutoka kitandani.

Jumanne, tarehe 3 Juni, alikuwa anahema kwa shida na alikuwa anatafuta viatu vyake. Nilishindwa kuvumilia. Nilisema, "Amezaa, Baba."

"Lini?"

"Asubuhi."

"Jike?"

"Jike. Mwekundu, ana alama nyeupe usoni."

"Amesimama?"

"Amesimama."

"Peke yake?"

"Peke yake, Baba."

Akasema, "Bwana asifiwe." Akaupandisha mguu wake kitandani, akaegemeza kichwa kwenye mto, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alifariki saa kumi na dakika ishirini jioni. Shangazi alikuwa hajazaa.

Nilimweleza Mchungaji siku ya pili. Nilitaka anikemee. Alisema, "Nimekusikia, na Mungu naye amekusikia. Sasa kafanye kazi yako." Lakini kazi ilikataa. Waombolezaji walijaa uani, kila anayepita alichungulia bandani, na Shangazi akajizuia. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Niliwaza kwamba ikiwa mtoto huyu atakufa, basi maneno ya mwisho aliyoyasikia Baba duniani yatakuwa uongo mtupu, na ni mimi niliyemsindikiza nao.

Hapa ndipo maandishi ya ratiba mliyoshika mkononi yanapoishia. Yanayofuata nimeyaandika kwa kalamu asubuhi ya leo, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, nimempa Shangazi mgongo. Saa moja kasoro Kaka alinipigia simu kutoka hospitali.

"Uko wapi wewe? Gari limeshafika, tunakusubiri tumvishe Baba!"

"Niko bandani."

"Leo? Hata leo?"

"Hata leo, Kaka."

Nikasikia sauti ya Mama nyuma yake: "Mwache. Huyo naye ni nusu kiti."

Saa moja na dakika kumi nilisikia maji yakimwagika. Sikugeuka. Nilivuma ubeti wa kwanza. Nilimsikia akilala chini, akiguna, na nilipogeuka kwato mbili zilikuwa zimeshatoka, kisha pua ikafuata, na utando ulikuwa mzima, haujapasuka. Niliona kitu kile kile alichokikuta yeye mwaka 1974. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwepo, na nilikuwepo kwa sababu yeye hakuwepo siku ile na hakukaa tena miaka hamsini. Niliupasua kwa kucha. Mtoto akapiga chafya. Nililia kwa sauti hadi Shangazi akanitazama kama mtu asiye na adabu.

Alianguka mara tatu. Saa mbili na robo alisimama.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wawili, majike kumi na mmoja, na mtoto mmoja wa farasi ambaye bado hana jina.

Baba, yule niliyekuambia ni jike, ni dume. Hana wekundu, ni wa kahawia kote, na usoni hana alama hata moja. Nisamehe kwa hayo yote. Lakini lile moja uliloliuliza mara mbili ni kweli: amesimama, na amesimama peke yake. Komeo nimelifunga, na nimelikagua mara tatu. Bwana akupe mahali mbali na mlango. Kaa sasa, Baba. Kaa kiti kizima.